Skima au maelezo ya maneno: wakala wa AI (programu ya AI inayofanya kazi kwa kuita zana, yaani programu nyingine) anahitaji kipi ili atumie zana vizuri?

Skima ya JSON, yaani kanuni zinazotaja data iwe na sehemu zipi na za aina gani, hubana umbo la data. Ukitangaza kwamba `hali` inakubali "wazi", "imefungwa" au "imefutwa" pekee, na seva ikaikagua, ombi lenye thamani nyingine linakataliwa mlangoni. Sentensi haina nguvu hiyo. Wakala anaweza kuisoma na bado akakosea.

Lakini skima haisemi zana itumike lini. Chukua `tafuta_oda` na `orodhesha_oda`, zote zikipokea `tarehe` kama matini tu. Wakala atabahatisha: 03/04/2025 ni Machi au Aprili? Na matokeo yakikatwa kwenye oda 50, atadhani ndizo zote, atoe jumla yenye kasoro bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kosa la namna hii ndilo baya kuliko yote, maana hakuna anayelishtukia. Maelezo ndiyo yanayoliziba, mathalani haya ya `orodhesha_oda`:

"Tumia kama huna namba ya oda, ukiwa nayo, tumia `tafuta_oda`. Tarehe: mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-04-03, saa za UTC. Hurudisha oda 50 kwa mara moja. Sehemu ya `ukurasa_ujao` ikiwa na thamani, ita tena kwa thamani hiyo. Haibadilishi chochote."

Udhaifu wa maelezo ni kwamba hula tokeni (vipande vya maneno ambavyo AI huvihesabu) kila zana inapopakiwa kwenye muktadha, yaani matini AI inayosoma kwa wakati huo, na huchakaa kimyakimya msimbo unapobadilika. Yahakiki kila unapogusa msimbo.

Kwa zana ya kusoma tu, anza na maelezo. Kwa inayofuta au kulipa, skima kali itangulie.