Akina mama wa Mabatini, Mwanza, wanaosaidia familia za polisi na zimamoto waliofia kazini: nyota nne kati ya tano

Mwangaluka ndugu zangu. Nilikuwa nasema nitaandika nitaandika siku zinaenda, ila juzi kuna dada kaniuliza, mdogo wake kafiwa na mume, askari polisi, hawajui waanzie wapi, nikaona leo silali mpaka niandike.

Shemeji yangu alikuwa zimamoto hapa hapa Mwanza. Aliitwa usiku kwenda kuzima moto, ukuta ukamwangukia, hakurudi. Kamuacha dada yangu na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Msiba ulijaa watu kwakweli, kikosi kikaja, gwaride la heshima, jeneza limefunikwa bendera, tukavuka Kamanga kwenda kuzika Sengerema na rambirambi ikasomwa mbele za watu. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini wiki ya tatu simu zilikata kabisa, na hapo ndo mambo yalipoanza, kota (nyumba ya kazini) inatakiwa irudishwe, mashemeji wanaulizia mafao kila siku, dada mwenyewe hajui hata faili la mumewe liko wapi.

Hiki kikundi ninachokisifia hakina ofisi wala kibao, na jina wameniomba nisiweke. Ni akina mama kama ishirini hivi, wengi wajane wa polisi, yupo mwalimu mmoja na mzee mmoja askari mstaafu. Kila mmoja anachanga elfu tano kwa mwezi, wanakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa nane mchana barazani kwa mama mwenyekiti. Hawatoi hela nyingi, hilo ulijue mapema usije ukaenda na matarajio mengine. Wanachokupa ni watu wa kutembea na wewe.

Siku ya kwanza tumeenda na mfuko wa rambo umejaa makaratasi. Sisi tulikuwa tumesharudishwa mara tatu kwenye dirisha moja la ofisi (sitaitaja), kila siku tunaambiwa karatasi hazijakamilika bila kuambiwa ipi. Mama mweka hazina akatandika mkeka, akavaa miwani, akaanza kupanga moja moja, cheti cha kifo cha RITA huku, cheti cha ndoa huku, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, salari slipu, barua ya ajira. Hajamaliza hata dakika kumi akaweka kidole kwenye cheti cha ndoa na kidole kingine kwenye barua ya ajira akamwambia dada, mwanangu angalia hapa, jina la baba watoto huku lina s moja, huku lina s mbili, ndo maana wanakurudisha, nenda kwa wakili ule kiapo kwanza kwamba ni mtu yule yule ndo urudi. Dada alilia pale pale. Miezi miwili nauli ya daladala kutoka Igoma kwenda mjini, kumbe ni herufi moja.

Halafu kikao cha ukoo. Hapa ndo nilipowavulia kofia. Mashemeji walitaka msimamizi wa mirathi awe kaka mkubwa wa marehemu, dada akawa amenyamaza tu maana mjane ukiongea unaonekana una tamaa. Kikundi kikamtuma yule mzee mstaafu na mama mmoja wakae nasi. Mzee hakugombana na mtu, akaongea taratibu, akaeleza kwamba msimamizi sio mwenye mali, mahakama ya mwanzo ikishampa fomu namba nne ya kumteua lazima arudi kujaza fomu namba tano aorodheshe mali na madeni, na fomu namba sita aonyeshe kila shilingi imegawiwa kwa nani, na akitafuna mahakama inamuita. Kimya kikatanda, yaani hata yule aliyekuwa anapaza sauti akaanza kuangalia chini. Baada ya hapo wakakubaliana wenyewe awe dada. Muhtasari ukaandikwa, wote wakasaini, hakuna aliyetukanwa.

Shule, ada haipo kwenye shule za serikali na watu wengi wanadhani basi mtoto wa marehemu yuko salama, ila viatu, sare, madaftari, hela ya chakula shuleni vyote vinamsubiri mama. Walinunua vya watoto wawili wakubwa. Dada wakamkopesha laki moja na nusu bila riba, miezi miwili ya kwanza harudishi kitu, ananunua dagaa Mwaloni Kirumba anauza kwa visado huku Igoma na mpaka sasa amerudisha zaidi ya nusu.

Yule mwalimu alituhadithia habari za Marekani, kwamba Septemba 11, 2001 New York walikufa zimamoto 343 kwa siku moja, na mmoja wao Stephen Siller alikuwa ametoka zamu, barabara ya chini kwa chini imefungwa magari yasipite, akabeba vifaa vyake mgongoni akakimbia kwa miguu mpaka kwenye yale majengo pacha yaliyogongwa na ndege, hakurudi, kaacha mke na watoto watano. Ndugu zake wakaanzisha mfuko ambao mpaka leo unalipia mikopo ya nyumba za familia za polisi na zimamoto waliofia kazini, na wanaochangia wanaombwa dola 11 kwa mwezi. Dada alisikiliza ile habari kimya, mwisho akauliza tu, na huyo mke wake alikuwa na mtu wa kumshika?

Sasa kwanini sijawapa nyota tano. Simu yao ni ya mtu mmoja, ikizima basi. Anayezijua karatasi vizuri ni yule mama mweka hazina peke yake, alipougua sisi tulikaa wiki tatu hatujasogea. Tena familia za zimamoto haziwajui kabisa akina mama hawa, sisi tulisikia kwa jirani mke wa polisi, tungekuwa tunaishi mbali na kota tusingesikia, wangebandika hata karatasi kwenye vituo.

Na la watoto. Mtoto mkubwa wa dada ana miaka kumi na moja, akisikia king'ora barabarani anaacha alichokuwa anafanya anaenda kukaa chini ya meza. Niliwaambia, wakamkumbatia, wakamuombea, ila hawana mtu aliyesomea hayo mambo. Kama kuna mshauri nasaha Mwanza hapa anayeweza kujitolea Jumamosi moja kwa mwezi naomba aje, namsihi kabisa.

Watu wa Mwanza tunakumbuka RPC wetu (kamanda wa polisi wa mkoa) Liberatus Barlow alivyouawa kwa risasi Kitangiri Oktoba 2012, mji mzima ulisimama. Ila konstebo akifa, au kijana wa zimamoto, jina lake linajulikana kwa wiki moja tu, na mke wake ni huyo unayepishana naye sokoni hujui.

Kwa yule dada aliyeniuliza, Jumamosi hii ndo ya kwanza ya mwezi. Mwambie mdogo wako aende na cheti cha ndoa chenyewe sio kopi, atoe kopi sita za kila karatasi kabla hajafika maana pale hakuna mashine, na karatasi yoyote ambayo mashemeji wamemletea asaini, asiisaini mpaka mama mweka hazina aisome.