Canon Selphy CP1500 kwenye kupamba: yafaa ama haifai?

Nianze na jibu kwa wale hawana subra. Kama unapiga picha peke yako, we ni mwanamke, na kazi zako nyingi ni harusi za wanawake huku kwetu Lamu, hii printa nunua. Kama kazi yako ni mashule na mikutano, ama kusimama uwanja wa Mkunguni pale mbele ya ngome siku za Maulidi umati umefurika, wachana nayo. Sasa wenye muda wao tuendelee.

Siku ya kupamba, yaani ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi aliyepambwa, wenyeji mwaijua, ni wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, nywele nje, dhahabu nje, mtu amevaa gauni ambalo hata shemeji yake hatoliona maisha, na nyumba nyingi siku hizi simu zinakusanywa mlangoni. Picha moja ikionekana kwa status ya mtu ni ugomvi wa koo mbili. Ndio maana mama wa bibi harusi akinipigia, hata kabla hajauliza bei anauliza, "mwanangu, hizi picha hazitoki nde?" Zamani ilikuwa unaapa tu na yeye aamua kukuamini ama la, alafu bado zile picha zilikuwa lazima ziende kusafishwa studio ya mtu mwengine, kijana wa kaunta anaziona zote moja moja. Sasa picha inapigwa pale pale, inatoka pale pale, mwenyewe anaitia kwa mkoba anaenda nayo, na kadi ya kamera namkabidhi mama mkononi. Hiyo ndio biashara yenyewe hasa, wala sio zile rangi nzuri.

Lakini rangi nazo ni nzuri, tusidanganyane. Hii mashini imetoka 2022, haifiki hata kilo moja bila betri, waitia kwa kikapu na leso juu hakuna atakayejua umebeba nini. Haitumii wino wa maji. Ina ribini, yaani utepe wa rangi ndani ya kaseti, manjano, alafu ile pinki iliyokolea, alafu buluu, na mwisho tabaka la kuziba juu, kwa hiyo karatasi inaingia na kutoka mara nne ndio picha ikamilike, sekunde 41 hivi kwa picha moja ya saizi ya postikadi. Inatoka kavu kabisa. Na lile tabaka la mwisho kwetu lina maana kubwa maanake kwenye kupamba marashi yananyunyizwa kila upande na vikuba vya asumini vimeloa, tone likianguka juu ya picha wafuta na leso yamekwisha. Canon wenyewe wanasema picha inaweza kukaa miaka 100 ikihifadhiwa kwa albamu, haya, mimi na wewe hatutokuwepo kuhakikisha.

Hizo mara nne za kuingia na kutoka ndio burudani ya watoto na ndio balaa langu. Karatasi ikichomoza ina rangi ya manjano tu wanadhani ndio imekwisha hivo, wanaivuta! Ukiivuta katikati umepoteza karatasi na umepoteza kipande cha ribini, maana vinaenda sambamba, pakiti ya 108 ninayotumia, KP-108IN, inakuja na kaseti tatu na kila kaseti ni picha 36 basi, hata ukichapa picha nyeupe tupu bado ribini imeliwa. Kwa hiyo usiiweke kwa kimeza katikati ya ukumbi. Mimi naiweka kwa kidaka, kile kishimo cha ukutani, kama nyumba ni ya zamani na kidaka chenyewe kina kina cha kutosha, manake karatasi inatokeza nyuma pia ikigonga ukuta inakwama, la si hivo natafuta pembe na binti mmoja mkubwa namuweka hapo mlinzi, malipo yake picha yake bure.

Trei yake inachukua karatasi 18 tu. Hapa ndio unajua kwamba hii kitu ilitengenezwa kwa mtu wa nyumbani sio kwa kazi. Wewe uko jukwaani unapanga shangazi saba wa upande wa mume, hakuna hata mmoja anataka kukaa pembeni, nyuma yako printa imekwisha karatasi imesimama na foleni inakua. Na kaseti moja ya picha 36 hata mambo yakienda sawa ni kama dakika 25, ongeza kubadilisha, ongeza ile kupumzika kwa printa yenyewe maana printa hizi zote zahamisha rangi kwa joto na zikichapa mfululizo kwenye chumba cha joto huwa zasita kidogo zipoe, na ukumbi wa harusi mwezi wa Februari wajua vile ulivo. Kwa saa moja usiahidi zaidi ya picha 60. Mimi naahidi 50.

Namna ninavoenda nayo ni kadi mbili za SD zabadilishana, moja iko kwa kamera, moja iko kwa printa ambayo inasoma kadi moja kwa moja, ina kioo chake wachagua picha hapo hapo wabonyeza. Inasoma JPEG tu, wale mnaopenda kupiga RAW, zile picha ghafi za kamera, hapa mtulie. Waifai inayo, tena inatoa yake yenyewe bila intaneti, unaungana na simu na apu yao, nzuri sana kwa bathidei na watalii wa Shela lakini kwenye kupamba naizima kabisa, sio lazima nieleze. Fleshi pangeni mapema na rangi ya taa pangeni mapema, hakuna cha kurekebisha baadae, ikitoka ndio imetoka. Na acheni nafasi juu ya kichwa na pembeni, karatasi yake ni fupi kidogo kuliko umbo la picha ya kamera na ukichapa bila ukingo inakata, na kinachokatwa huwa ni taji la bibi harusi ama mkono wenye hina na piko ambao umechorwa tangu jana yake.

Sasa jambo ambalo sijaona mtu amelisema na kwetu ndio kubwa kuliko yote. Ile ribini iliyotumika. Rangi ikihama kutoka kwa utepe kwenda kwa karatasi inaacha alama, pale rangi ilipotoka pamekuwa hafifu, kwa hiyo ukiitoa kaseti iliyokwisha ukauvuta ule utepe ukauinua kwa mwanga, Subhanallah, watu wote hao wamo, uso baada ya uso, picha 36 zimepangana kama nguo kwenye kamba. Sio Selphy peke yake, ni printa zote za aina hii, hata zile kubwa za mastudio. Umekusanya simu mlangoni, umekabidhi kadi, alafu watupa kaseti kwa pipa la jirani! Kwa hiyo kaseti zote zilizotumika zinaingia mfuko mmoja, mwisho wa shughuli mbele ya mama mtu navuta utepe nakata kata na makasi, ama akitaka namuachia mfuko mzima afanye atakavo. Kuna bibi mmoja nilipomuonesha alishtuka kweli, alafu akaniwekea kazi ya wajukuu wake wawili papo hapo.

Stima. Inakuja na adapta yake ya ukutani, na ile tundu ya USB-C pembeni isikudanganye, sio ya kuichajia, pawabenki ya simu haiiwashi. Betri yake inauzwa mbali na kwa huku kwetu nasema inunue siku moja na printa, stima ikipotea katikati ya vugo, ile ngoma ya wanawake, wewe uendelee. Karatasi na ribini pia agiza mapema, hapa kisiwani usitegemee kupata, zangu zinatoka Mombasa na basi hadi Mokowe upande wa bara alafu boti, na karibu na misimu ya harusi huwa zaadimika. Usinunue zile za bei rahisi zisizo na jina, karatasi na ribini vimetengenezwa vioane. Na weka kila kitu kwa mfuko wa nailoni, upepo wa kusi ukileta mchanga chembe moja tu ikiingia ndani ni kidoa ama mstari kwa picha, na mtu ambaye ametoka kula biriani asishike karatasi ambayo haijachapwa, mafuta ya kidole chake rangi haishiki.

Bei, mimi nauza picha moja shilingi 200 ama mwenye harusi analipia kwa jumla wageni wanachukua bure, njia ya pili ndio nzuri maana hakuna kuhesabu chenji na mikono ina hina.

Wale wa mashule na mikutano mlionitumia meseji, nyinyi tazameni printa kubwa ya DNP DS620, picha moja sekunde 8 hivi na roli moja ni picha 400, hiyo ndio mashini ya umati. Lakini inataka komputa na inataka stima ya ukutani, na ni kilo 12 bila maboksi ya roli, kwa hiyo kabla hujalipa pesa uliza kwanza hamali ama mwenye punda atakutoza ngapi kutoka jeti hadi huko mtaa wa Langoni ndani, alafu uongeze kwenye bei ya mteja.