Jarida limenikosha, leja imenichosha

Seti ya hesabu niliyoitumia ni madaftari mawili ya jalada gumu, yaliyopigwa mistari tayari na kurasa zake kutiwa namba: jarida, ambamo miamala huandikwa kwa mfuatano wa siku, na leja, ambamo huhamishiwa akaunti kwa akaunti. Natunzia humo hesabu za biashara ndogo ya mteja wangu.

Nianze na jarida. Safu zake ni tarehe, maelezo, folio (namba ya ukurasa wa daftari la pili), debiti (upande wa kushoto wa akaunti) na krediti (upande wa kulia), na ile ya maelezo imeachiwa nafasi ya kutosha. Hilo si dogo. Muamala huingia jaridani kwanza, mzima mzima, siku uliyofanyika: "Samani zimenunuliwa kwa mkopo, ankara namba 31." Leja itakupa kiasi kilichosimama kwenye kila akaunti; kwa nini kiliingia, utakuja kuuliza huku jaridani. Wanaosema jarida ni kujichosha kuandika jambo mara mbili hawajawahi kukaa na mkaguzi.

Safu ya folio ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ukihamisha ingizo, unaandika ukurasa wa leja kwenye jarida, na ukurasa wa jarida kwenye leja. Palipobaki wazi, hapajahamishwa. Mwisho wa mwezi urari, yaani orodha ya salio za leja ambayo debiti na krediti zake hupaswa kulingana, ulikataa: pande mbili zimepishana kwa 900. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu zilizopishana nafasi, basi nikaanza kufuata folio za wadaiwa. Jarida, ukurasa wa 14: 5,400. Leja: 4,500. Msaidizi wa mteja alikuwa amegeuza namba. Luca Pacioli, mwanahisabati Mwitaliano aliyeueleza mfumo huu wa kuandika kila muamala kwa debiti na krediti katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, alitaka ingizo la jarida lipigwe mstari kila upande wake unapohamishwa. Folio naiona bora, maana inakwambia na lilikokwenda.

Sasa leja. Safu yake ya folio ni nyembamba mno, namba ya tarakimu tatu inamwagikia safu ya jirani. Karatasi inapitisha wino. Kibaya zaidi, haina safu ya salio: debiti kushoto, krediti kulia, basi. Mdaiwa akiuliza anadaiwa kiasi gani, ujumlishe pande zote mbili huku amekusimamia. Kwa akaunti ya mtaji, isiyoguswa mara kwa mara, sawa. Kwa wadaiwa ni adhabu.

Wangeuza jarida peke yake ningechukua jingine leo. Leja nitatafuta kwingine, ile yenye debiti, krediti na salio.