Uchambuzi: University of the People, nani anaongoza na nani hasa atasahihisha kazi yako?

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina simu wala spika ya kuchambua mezani. Leo nachambua chuo. Na sichambui majengo yake, maana ni chuo cha mtandaoni, hakuna mtu wa kukuonyesha madarasa hapo. Nachambua watu: nani anakiongoza, nani anafundisha, na ukishalipa hela yako utakutana na nani hasa.

Chuo chenyewe ni University of the People. Wengi wenu mmeshakutana na matangazo yake mtandaoni, soma digrii ya Marekani bila ada ya masomo, na swali ni lile lile kila siku: ni kweli au tunapigwa? Jibu fupi nalitoa sasa hivi ili mwenye bando la kuunga aondoke nalo. Ni chuo cha kweli, kina ithibati, yaani kimekaguliwa na kukubaliwa na vyombo vinavyohusika, na waliokiongoza ni watu halisi wenye majina mazito. Ila hayo majina mazito siyo yatakayokufundisha. Mwenye bando la mwezi, tukae.

Kwa nini nianze na watu na siyo masomo? Chuo cha mtandaoni huwezi kukigongea mlango. Ule ukurasa wa uongozi na walimu ndiyo geti, ndiyo ofisi ya msajili, ndiyo kila kitu unachokiona kabla hujatoa hela. Na ukurasa huo mtu anaweza kuutengeneza akiwa sebuleni kwake. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya Karachi, Pakistan, inaitwa Axact. Walikuwa na tovuti zaidi ya 300, nyingi za shule na vyuo ambavyo havipo duniani. Wakavipa majina ya kukuchanganya, Barkley, Columbiana, ukisoma haraka haraka unapita tu. Na wale maprofesa waliokuwa wanatabasamu kwenye video za matangazo? Waigizaji. Walilipwa wakavaa suti wakasoma maneno. Watu wa Marekani waliingia, watu wa Abu Dhabi waliingia, na hawakuwa wajinga, walikuwa na kazi zao wanatafuta cheti wapande daraja. Bosi wa kampuni, Shoaib Shaikh, alikamatwa mwaka huo huo.

Kwa hiyo nikifungua ukurasa wa watumishi wa chuo chochote cha mtandaoni, siangalii picha. Nachukua jina, nalitafuta nje ya tovuti ya chuo. Profesa wa kweli ana alama kule alikotoka: kitivo chake kinamtaja, makala zake zipo, wanafunzi wake wa zamani wapo. Jina ambalo linaishi kwenye tovuti moja tu, hilo mimi naliogopa.

Sasa tuwapitishe hawa wa University of the People kwenye chujio hilo.

Aliyeanzisha, na ndiye rais wa chuo, ni Shai Reshef, mfanyabiashara wa Israeli. Huyu hakuibukia hewani. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa KIT eLearning, kampuni iliyokuwa Uholanzi, ikishirikiana na University of Liverpool kutoa shahada za mtandaoni wakati ambao wengi wetu hapa tulikuwa bado tunanunua vocha za kukwangua. Kampuni hiyo iliuzwa kwa Laureate, kampuni ya elimu ya Marekani, mwaka 2004. Mzee angeweza kukaa akala hela zake. Mwaka 2009 akaanzisha chuo hiki, kisichokuwa cha faida, makao yake Pasadena, California. Mwaka 2014 alisimama kwenye jukwaa la TED, lile la hotuba fupi zinazorushwa mtandaoni, akalielezea wazo lake, na mwaka 2023 akapewa tuzo ya Yidan, ambayo ni moja ya tuzo kubwa kabisa za elimu duniani. Kwa hiyo kwa rais wa chuo, chujio halikukamata kitu. Anajulikana, historia yake inafuatilika, na ni mtu aliyewahi kuuza elimu ya mtandaoni kwa bei kali kabla ya kuamua kuitoa kwa bei chee. Hilo la mwisho ndilo linanipa imani zaidi ya tuzo.

Juu yake kidogo, au tuseme pembeni yake, kuna baraza la rais, yaani washauri. Mwenyekiti wake amekuwa John Sexton, aliyekuwa rais wa New York University (NYU) kuanzia 2002 hadi 2015. Na hapa ndipo nikaona kitu ambacho matangazo hayakisemi. Ukiwapanga waliotumikia vyeo vya juu vya taaluma katika University of the People, jina la NYU linajirudia sana. Dalton Conley, mwanasosholojia, aliyekuwa amidi, yaani mkuu wa kitivo, wa sanaa na sayansi, alitokea NYU. Alexander Tuzhilin, amidi wa sayansi ya kompyuta, NYU. Russell Winer, amidi wa biashara, profesa wa masoko, NYU. David Cohen aliyesimamia taaluma yote yeye alitokea chuo kikuu cha Columbia, lakini hata huko bado tupo New York ile ile, ni kupanda treni tu. Vyeo hubadilika, kwa hiyo ingia uone nani amekaa wapi sasa hivi, lakini mzizi ni huo.

Je, ni vibaya? Hapana. Ndivyo vyuo vingi vinavyoanza, mtu anawaita anaowafahamu. Tena ukaribu huo na NYU ulileta matunda: mwaka 2011 NYU ilikubali kuwafikiria wanafunzi bora wa chuo hiki kwa nafasi katika kampasi yake ya Abu Dhabi. Baadaye, 2016, UC Berkeley, chuo kikuu cha California, nao wakaingia makubaliano ya kuwafikiria wahitimu bora wa stashahada ya miaka miwili ya chuo hiki. Milango ya aina hiyo haifunguki kwa barua pepe ya mtu asiyejulikana.

Ila ngoja niliseme hili vizuri, maana ndiyo sababu ya video nzima. Hao maamidi wana kazi zao kwingine. Wanajitolea. Jina kubwa kwenye ukurasa wa uongozi ni mgeni rasmi kwenye harusi: anakaa kiti cha mbele, anapigwa picha, heshima ya shughuli inapanda, lakini pilau hapiki yeye. Wanaangalia mtaala, wanashauri nani aajiriwe, wanafungua milango. Insha yako ya wiki ya tatu hawaijui.

Jikoni kukoje?

Somo moja linachukua wiki tisa. Wiki inaanza Alhamisi na kufungwa Jumatano usiku. Hakuna kipindi cha saa nne asubuhi ambapo mwalimu anatokea kwenye skrini. Kila wiki unapewa vitu vya kusoma, unaandika hoja yako kwenye mjadala wa darasa, unawajibu wenzako, unafanya kazi ya kuandika, unaandika shajara ya masomo, wiki nyingine kuna jaribio. Wiki ya tisa ni mtihani. Darasa ni watu wachache, ishirini, thelathini, mmoja yupo Lagos, mwingine Texas, mwingine yupo Kigoma anasoma kwa simu usiku watoto wakilala.

Mwalimu yupo. Anaitwa mkufunzi wa somo, ana sifa zake, anajibu maswali, anasimamia mjadala, ana kauli kwenye alama. Ila wengi wao nao wanajitolea, wanapewa kifuta jasho kidogo tu. Na kwa miaka mingi kazi zako za kuandika zimekuwa zikisahihishwa na wanafunzi wenzako. Watatu, hawakujui, huwajui, kila mmoja ana mwongozo wa kutoa alama mbele yake. Mwalimu anaingia pale alama zinapogongana au ukilalamika.

Hapa ndipo watu hugawanyika, na mimi nina upande. Kusahihishana kunafundisha. Ukisoma kazi tatu za wenzako kuhusu swali lile lile, unaona mapengo ya kwako bila kuambiwa. Hilo sibishani nalo. Lakini mwenzako hawezi kukuambia kosa ambalo naye analo. Kwenye somo la utangulizi wa biashara mtaelewana. Kwenye hesabu za juu au uandishi wa programu za kompyuta, nataka mtu aliyenizidi aniambie nimekosea mstari gani. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mshauri wao lingekuwa hilo: katika somo hili ninalolichukua sasa, alama zangu zinatoka kwa mwalimu au kwa wanafunzi?

Na ndiyo, mshauri yupo. Kila mwanafunzi anapangiwa mtu wa kumfuatilia kwa barua pepe: usajili, ratiba, ufadhili, ukikwama. Kwenye ukurasa wa uongozi humkuti, picha yake haipo, lakini kwa mwanafunzi wa Tanzania au Kenya huyu ndiye mtu wa chuo utakayewasiliana naye mara nyingi kuliko rais na maamidi wote ukiwajumlisha. Kabla hujajisajili, tuma swali gumu kidogo uone anajibu mtu au linajibu jibu la kunakili.

Jambo moja la kuwapongeza: hawa watu walijenga chuo bila kutegemea video, makusudi kabisa, ili mwenye intaneti dhaifu asiachwe. Ni maandishi, maandishi, maandishi. Ukiwa na bando la buku unasoma siku kadhaa. Ndiyo maana wakimbizi wengi wameweza kusoma pale, wakiwa na ufadhili. Lakini upande wa pili wa uamuzi huo ni kwamba sauti ya mwalimu huisikii. Kama wewe ni mtu wa kuelewa mpaka usimuliwe, utateseka.

Tuweke pembeni yake vyuo vingine tuone tofauti. Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1971, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Walter Perry. Kule tangu mwanzo walijenga kila kitu kuzunguka mkufunzi mmoja mwenye kundi dogo: anasahihisha kazi yako na kukuandikia maoni pembeni. Ni gharama, na ada yao inaonyesha. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, Profesa Geoffrey Mmari akawa makamu mkuu wa kwanza, na nguvu yake ni vituo vya mikoani. Umekwama Mtwara, kuna ofisi Mtwara, kuna mkurugenzi wa kituo, unaenda unakaa kwenye benchi mpaka akuone. Kenya nao chuo chao huria kilipata hati mwaka 2023, kipo Konza. Hivi vyote vina watu unaoweza kuwafuata kwa miguu au kwa simu ya kawaida. University of the People haina mtu wa kumfuata. Uamuzi ni wako hilo lina uzito gani.

Kuhusu ithibati nitapita haraka, ila inahusiana na walimu. Chombo cha ithibati kinakagua pia sifa za wanaofundisha, kinauliza wapo wangapi na nani anawasimamia. Chuo hiki kilikaa miaka mitano bila ithibati, kikapata ya DEAC, chombo cha Marekani cha ithibati ya vyuo vya masafa, mwaka 2014, na mwaka 2025 kikapata ya WSCUC, chombo kingine cha ithibati cha Marekani, ambao ndio hao hao wanaowapa Stanford na Berkeley. Usiiamini video yangu, fungua tovuti ya WSCUC yenyewe utafute jina. Halafu, kabla hujatoa hata senti, Tanzania nenda TCU, Kenya nenda CUE, ndizo tume zinazosimamia vyuo vikuu, uulize shahada hii itatambuliwaje kwako. Ithibati ya Marekani ni jambo moja, mwajiri wa serikali yako ni jambo lingine.

Bei. Ada ya masomo hakuna, lakini kuna ada ya maombi na ada ya tathmini kwa kila somo. Ilikuwa dola 100 kwa somo, sasa imepanda. Shahada ya kwanza ni masomo kama 40. Mwaka 2014 walikuwa wanasema digrii nzima ni kama dola 4,000, leo piga hesabu upya kwa bei yao ya sasa. Bado ni rahisi mno kwa digrii ya Marekani, ila neno bure lisikuingie kichwani.

Alama zangu basi. Uongozi nawapa tisa kwa kumi. Ufundishaji nawapa sita, na hiyo sita ni kwa mtu mzima anayejisukuma mwenyewe, ana kazi, anataka karatasi na maarifa ya biashara, elimu au afya. Kijana aliyetoka kidato cha sita jana, anayehitaji mtu wa kumshika mkono, kwake ni nne, na ningempeleka kwanza kwenye chuo chenye darasa.

Ukiamua kuingia, hawakupi programu nzima siku ya kwanza. Unaanza na masomo ya msingi, la kwanza ni la jinsi ya kusoma mtandaoni, Online Education Strategies, ukifaulu hayo ndiyo unaingia rasmi. Itumie nafasi hiyo kuwakagua wao pia. Muulize mkufunzi swali ndani ya wiki ya kwanza, andika tarehe, hesabu siku mpaka ajibu, na usome amekujibu wewe au amejibu darasa zima. Hapo utakuwa umelipia somo moja tu.