Kung'oa jino kwa mtumiaji wa warfarini: kusitisha dawa au kuendelea nayo

Mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo, anayehudhuria kliniki katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, anapohitaji kung'olewa jino huwa na njia mbili. Ya kwanza, ambayo wengi huifuata kwa kuhofia damu, ni kusitisha warfarini, dawa anayomeza ili damu isigande, siku 5 kabla. Fizi hutoka damu kidogo, lakini katika siku hizo damu yaweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi.

Ya pili ni kuendelea na dawa, mradi kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani) cha saa 24 zilizotangulia kiwe chini ya 4, kisha daktari wa meno aizuie damu palepale kwenye tundu kwa sponji ya jelatini na nyuzi, na mgonjwa aume shashi iliyoloweshwa asidi ya traneksamiki, dawa ya kukata damu. Hii naipendelea bila kusita, kwa kuwa damu ya fizini huonekana na hubanika, ilhali donge la moyoni halifikiki kwa mkono. Inadai, hata hivyo, jino ling'olewe asubuhi, ili damu ikirejea mchana kliniki iwe bado wazi, na maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, si kwa diklofenaki, ambayo huzidisha kutoka damu.