Mbeleko ya fremu kwenye ngome na magofu: uzoefu wangu

Kwa matembezi ya alasiri kwenye ngome na magofu na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, naipenda mbeleko ya fremu, yaani kiti cha mtoto chenye fremu ngumu kinachobebwa mgongoni, kuliko kigari. Magurudumu madogo ya kigari hunasa kati ya mawe, na kwenye ngazi nyembamba lazima mkibebe watu wawili. Ila mbeleko hii ina adui mkubwa: mlango mfupi.

Kiti cha fremu humkalisha mtoto juu, mara nyingi kichwa chake kikipita cha kwako. Ukifika kwenye tao na kuinama kwa kiuno, kichwa chako kitapita salama, chake kitasukumwa mbele na kugonga jiwe. Kunja magoti, mgongo ubaki wima, na mwenzako aangalie kwa nyuma. Mlango ukiwa mfupi kuliko wewe, usijaribu kabisa: mteremshe, apite kwa miguu yake. Hatari ni ile ile unapoinama kusoma kibao cha maelezo. Mikanda ya mtoto ikilegea, anaweza kuteleza kuelekea begani kwako. Chuchumaa.

Kwenye ngazi za kuzunguka, kanyaga upande wa nje ambako kidato ni kipana, mkono mmoja ukutani. Kumbuka kwamba fremu imetokeza nyuma yako: ukigeuka ghafla hukwaruza plasta au michoro ya ukutani. Ndiyo maana nyumba nyingi za makumbusho hazikubali mbeleko hizi ndani. Kasri la Versailles, Ufaransa, limezikataza zenye chuma. Uliza kabla ya kuondoka nyumbani, na ubebe mbeleko laini ya kitambaa mfukoni. Sioni ubaya wa katazo hilo, maana plasta ya kale haitengenezeki ikawa ile ile.

Kuipakia kuna mpangilio wake. Fungua mguu wa kusimamishia mpaka usikie umejifunga, kwenye ardhi tambarare. Juu ya ukuta au meza, hapana: mtoto akijirusha kidogo tu inapinduka. Mfunge mikanda yote mitano, iguse mwili lakini vidole viwili vipite kifuani. Kisha rekebisha vikanyagio mpaka mapaja yalale sawa. Hapa wengi hupuuza, halafu wanashangaa mtoto analia baada ya muda mfupi: miguu ikining'inia, ukingo wa kiti hubana nyuma ya mapaja na miguu hufa ganzi.

Inua kwa vishikio, pitisha mikono, kisha funga kwanza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze ya mabegani. Mabega yakiuma mapema, mkanda wa kiuno umeshuka au umelegea. Mbeleko tupu ina kama kilo 3, na mtoto wa miaka miwili kama kilo 12. Ongeza maji na nepi, unabeba zaidi ya kilo 16. Kikomo kimeandikwa kwenye lebo na hutofautiana, kwa hiyo kisome, na uangalie kama kinahesabu mtoto peke yake au mzigo wote.

Kivuli cha mbeleko, kile kitambaa cha juu ya kichwa cha mtoto, ni kizuri jua likiwa juu. Alasiri jua huingia kwa ubavu, kivuli hakisaidii kitu, kwa hiyo kofia yenye ukingo ni lazima. Kwa kuwa humwoni, beba kioo kidogo, uangalie shingo yake isije ikapinda mbele anaposinzia.

Nusu saa mgongoni, kisha ashuke atembee. Wa umri huu anataka kugusa mawe mwenyewe. Mshike mkono palipo na ukuta usio na kizuizi.

Ukinunua iliyotumika, jaribu vifungo vyote na mguu wa kusimamishia mara kadhaa. Kifungo chenye ufa au mguu unaojikunja wenyewe, usiinunue hata kama kitambaa ni kipya.