Mashine ya Kuosha Vyombo Niliyoilaumu Bure: Uzoefu Wangu wa Mwaka Mmoja

Kwa miezi miwili ya mwanzo niliamini kwamba nimeuziwa mashine mbovu. Kila asubuhi nilifungua mlango nikakuta sahani zinang'aa upande mmoja na upande wa pili zina utando wa mafuta, huku vijiko vikitoka vimeshikana kama vilivyoingia, na katikati yao yai lililokauka limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa jana yake. Leo umetimia mwaka mmoja. Mashine ni ile ile na sabuni ni ile ile, ila vyombo vinatoka safi kwa sababu nimejifunza kuvipanga.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba mashine hii haisugui. Ndani yake kuna mikono miwili yenye matundu, mmoja chini kabisa na mwingine chini ya kikapu cha juu, na maji ya moto yanapotoka kwa nguvu katika matundu hayo, msukumo wake ndio unaoizungusha mikono na kuyarusha maji kwenye vyombo. Chombo kisichofikiwa na maji hayo hakitakati, hata programu iende saa tatu. Mimi nilikuwa nikisimamisha sinia kubwa mbele kabisa, karibu na mlango, nisijue kwamba linakizuia kijaluba cha sabuni kufunguka. Nikawa nakuta kidonge kimegandia mle mle, nusu yake haijayeyuka, nami naisingizia sabuni.

Siku hizi sahani huziweka chini, nyuso zikielekea katikati, na kila moja ina nafasi yake. Vikombe na bakuli hukaa juu, vimefudikizwa na kuinamishwa kidogo ili maji yasituame. Vijiko huvichanganya na uma, vingine mpini juu na vingine mpini chini, visipate kulaliana. Visu vya mezani pekee ndivyo huelekeza ncha chini vyote, kwa kuwa anayeviondoa ni mimi. Kabla ya kufunga mlango huizungusha mikono yote miwili kwa kidole. Mpini wa upawa uliochungulia chini ya kikapu unatosha kuuzuia mkono usizunguke, na hapo nusu ya vyombo itatoka kama ilivyoingia.

Nilikuwa pia na tabia ya kuviosha vyombo kwanza kwenye sinki, ndipo nivitie mashineni, kazi ambayo sasa naiona ni ya kujitesa. Sabuni nyingi za mashine zina vimeng'enya vinavyovunja protini na wanga, kwa hiyo kukwangua mabaki kunatosha. Kukwangua, hata hivyo, si hiari, kwa kuwa mabaki huishia kwenye chujio lililo sakafuni mwa mashine. Mara ya kwanza nilipolitoa chujio langu, baada ya wiki nyingi za kulisahau, harufu yake ilinifanya nifungue dirisha. Sasa hulisafisha kila wiki.

Hasara yangu kubwa ilitokana na sufuria moja ya alumini. Iliingia ikiwa nyeupe inayometa, ikatoka kijivu kilichofifia, na nilipopitisha kidole ndani yake kikabaki na weusi. Sabuni ya mashine ni kali, nayo hushambulia ule utando mwembamba unaoikinga alumini. Weusi huo waweza kuupunguza kwa kusugua, lakini mng'ao wa awali haurudi kwa urahisi. Tangu hapo nimekuwa mchaguzi. Miiko na vibao vya kukatia hufyonza maji, huvimba na kupasuka. Kikaango cha chuma cha kusubu hupoteza mafuta yaliyokolea na kushika kutu. Kisu kikali cha jikoni huwa butu, na vyombo vyenye nakshi ya dhahabu hufifia. Chupa ya chai huosha kwa mkono, kwa sababu maji yakipenya kati ya kuta zake haitatunza joto tena. Vyombo vya plastiki huvitazama chini kama vina alama ya kuruhusu mashine, kisha huviweka kikapu cha juu, mbali na joto la chini.

Glasi zilinisumbua kwa namna yake, kwa kuwa zilianza kuwa na ukungu. Niliifuta moja kwa siki, ukungu ukatoka, nikajua kwamba ni chokaa ya maji, nikajaza chumvi maalumu ya mashine niliyokuwa nimeipuuza tangu mwanzo. Ukungu usiotoka kwa siki ni kioo chenyewe kilicholika, na huo hauna dawa.

Kwa jumla ninairidhia mashine hii, ingawa nina lalamiko moja: haikaushi plastiki. Sahani hutoka kavu kwa sababu hutunza joto na unyevu ukapaa, ilhali vifuniko vya plastiki hupoa upesi na kubaki na matone. Matone hayo, pamoja na maji yanayojikusanya kwenye vitako vya vikombe, ndiyo yaliyonifunza kuondoa vyombo vya kikapu cha chini kwanza. Nikianza na vya juu, maji yote hunidondokea kwenye sahani zilizokwisha kukauka.